Kumi na Moja Chini ya Mbili

Kijiji cha Ujamaa,
S.L.P. Mikumi,
Jumanne, 19 Novemba 1974.

Kwako mdogo wangu Lazaro,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu katika barua yako shikamoo sikuiona. Nimeitafuta mbele na nyuma ya karatasi, na mimi nimekutangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na minne. Lakini leo hilo sitaligombania. Habari za huko Mlimba, kwenye reli ya Wachina? Ule mgongo umepona? Mimi ni mzima, meno yangu yote yapo, na shamba la kijiji nalima mistari miwili wakati vijana wanalima mmoja na kulalamika. Hii barua naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nakwenda kisomo cha watu wazima, na mwalimu amekiri kwamba herufi zangu zimesimama vizuri kuliko za wote.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema Jumamosi utashuka stesheni ya Mikumi, hutamsalimia mtu, utakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Timotheo, katibu wetu, na panga umekwisha kulinoa. Umesema wakati wa operesheni ya kutuhamishia vijijini alisimamia kubomolewa kwa nyumba yako ukanyamaza, lakini sasa amewanyima wanao mahindi mpaka mtoto amekula sumu, na hapo hunyamazi tena. Nakujua. Neno likikutoka hulirudishi. Kwa hiyo isome hii mpaka mwisho, usiikunje katikati. Mathias anayekuletea nimemwambia asimame mbele yako mpaka umalize, hata ukimfukuza.

Kwanza, Siwema hajafa. Aliyekuambia hana matumaini alisikia vibaya. Mkeo Gaudiosa yuko naye hospitali ya Kilosa, na mimi nilikwenda juzi kuwaona. Mtoto amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini aliniomba miwa, na mtoto anayeomba miwa anarudi. Wale wengine wanane nimewahamishia kwangu na wanakula. Kilichomdhuru ni ndiga, kile kiazi cha porini kinachotaka kulowekwa mtoni siku tatu uchungu utoke. Waliloweka siku moja tu kwa sababu ya njaa. Wewe huko mnapewa wali, hujui njaa ya mwaka huu ilivyo. Watu wa kijiji cha Chanzuru wameuza hata milango.

Sasa nikueleze siku ya mahindi, maana uliyoambiwa ni nusu.

Kila kaya hapa ina kadi yake ofisini, ndani ya sanduku la mbao. Juu pembeni imeandikwa namba ya watu wa kaya hiyo, chini jina la mwenye kaya. Ilipokuja habari kwamba serikali inaleta mahindi ya njano, likaja na agizo: magunia hayatatosha kijiji kizima, basi wenye watu wengi waanze, wafuate wenye wachache, na watakaokosa wangoje lori la pili. Kadi ni mia moja sitini na tatu. Magunia yalikuja hamsini. Kila kaya ilipewa debe mbili, kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba aliyesomwa mwanzo alikula na aliyesomwa mwisho aliangalia.

Timotheo siku hiyo hakuwepo, aliitwa Kilosa mkutanoni. Kadi zilikuwa zimekwisha pangwa juu ya meza na mimi nikapewa heshima ya kusoma majina. Nilisoma kwa sauti hata waliokuwa kisimani wakasikia. Gaudiosa alikuwa amesimama pale tangu asubuhi na kapu lake. Kaya yako ni ya watu kumi na moja: wewe, yeye, watoto wenu saba na wale wawili wa marehemu dada yetu Odilia. Nikasoma, nikasoma, jina lako halikuja. Mwamvua na mumewe, watu wawili tu nyumba nzima, wakaitwa, wakachukua, wakaondoka wanacheka. Gaudiosa akanisogelea akaniuliza taratibu kama kadi yake haikupotea. Nikamjibu kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba mimi sipendelei ndugu, arudi kwenye mstari angoje zamu yake. Watu wakanisifu. Lazaro, nilifurahi. Nilijiona mtu wa haki kweli kweli, nimemkatalia hata mke wa mdogo wangu.

Magunia yakaisha. Kaya ishirini na sita hazikupata hata kisahani. Kumi na mbili zilikuwa za wazee wanaokaa peke yao. Kumi na nne zilizobaki zilikuwa za watu kumi na kuzidi, kubwa kuliko zote kijijini, na yako mojawapo. Lori la pili lilichelewa wiki tatu.

Watu wakasema hii si bahati mbaya, ni Timotheo, alipanga kadi kwa kinyongo kabla ya kuondoka. Kila mmoja katika wale kumi na nne akakumbuka siku aliyogombana naye, na katibu asiyegombana na watu hayupo. Kamati ikamwita. Akasema yeye hakuzipanga, aliacha agizo tu. Mwenyekiti Anselmi akamuuliza kama hakuzipanga yeye, nani basi? Timotheo akanitazama mimi. Watu wakacheka. Mmoja akasema Mzee Yeremia, yaani mimi, alishika vipande, zile kadi za kazi za vibarua, vya shamba zima la mkonge Rudewa, leo ashindwe na kadi mia? Amesimamishwa ukatibu. Ijumaa anakuja bwana mkubwa kutoka wilayani kumhoji, na wanasema atafungwa. Mkewe Verdiana hachoti maji tena mchana, maana watu wanaimwaga ndoo yake.

Usikunje karatasi. Sasa nafika.

Zile kadi nilizipanga mimi.

Timotheo aliniita asubuhi ile akiwa na mkoba tayari mkononi. Aliniambia nizipange kwa namba ya pembeni, kubwa zianze. Alitaka kunionyesha. Nikamwambia aende zake, mimi nilikuwa nikipanga vipande Rudewa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Na si uongo, unajua. Msimamizi Mgiriki alikuwa akiweka saa yake mezani kutazama mikono yangu. Nilikuwa sisomi, naangalia tu alama ya kwanza ya namba, upande wa kushoto: tisa fungu lake, nane fungu lake, mpaka moja mwisho. Halafu ndani ya kila fungu naangalia ya pili, halafu ya tatu. Hakuna aliyeniweza. Lakini Rudewa kila kipande kilikuwa na alama tatu, hakipungui, hakizidi. Hapa kadi nyingine zina alama moja na nyingine mbili, na mimi mikono yangu haikuliona hilo. Kumi na moja inaanza na moja, nikaitupa fungu la moja. Mbili nikaiweka juu yake. Kumi, kumi na mbili, hata ile kaya ya watu kumi na tano, zote nikazilaza chini kabisa pamoja na wazee wasio na mtu. Nilimaliza kabla chai haijapoa nikajipongeza.

Timotheo aliporudi kutoka Kilosa alinifuata kwangu na sanduku kichwani. Alizitandaza kadi mkekani bila hasira.

"Mzee wangu," akaniambia, "hii ni kumi na moja. Imekaaje chini ya mbili?"

Niliona palepale. Wallahi niliona kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini nje walikuwa wamesimama watu wanasikiliza, na ulimi wangu ukasema: "Nimepanga kama ulivyoniagiza." Na mbele ya kamati nikalirudia, nimesimama, kofia mkononi. Aliponitazama na watu wakacheka, na mimi nilicheka.

Basi ndiyo hayo. Aliyewanyima wanao si Timotheo, na hakuwa na kinyongo. Ni ubishi wangu.

Gaudiosa anajua. Juzi pale Kilosa nilimwambia, nikidhani atanifukuza. Aliendelea kumnywesha Siwema uji mpaka ukaisha bakulini. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Shemeji, mimi nikimwandikia atasema nimelazimishwa. Andika wewe, na iondoke kabla ya Jumamosi. Sitaki kuwa mke wa mtu aliyemuua asiye na kosa." Nilimuuliza kama amenisamehe. Akaniambia hiyo ni ya baadaye, kwanza barua.

Ijumaa nitasimama mbele ya huyo bwana wa wilaya na sanduku lenyewe. Nitazipanga kadi kama nilivyozipanga siku ile, watu wote waone, halafu nitazipanga sawasawa. Wakinifunga, wanifunge. Leo asubuhi nilikwenda kwa Timotheo kumwambia. Hakunikaribisha ndani, na mimi sikungoja kukaribishwa, nilisemea mlangoni.

Jumamosi, kama sijachukuliwa, nitakuwa stesheni kabla treni haijafika. Utanikuta mimi wa kwanza. Kama hasira bado unayo, panga hilo limalizie hapohapo kwangu, usilifikishe kwa mtu mwingine. Na kama itakuwa imepungua, twende wote Kilosa kumwona mtoto. Miwa nitakuwa nayo.

Wanao wote wanane wanakusalimu. Magreti anamwombea kaka yake kaptula, hana ya kuvaa shuleni. Wasalimu wenzako wa kambini, na usinywe maji ya mfereji bila kuchemsha.

Ni mimi kaka yako mwenye kosa,
Yeremia.