Dubu Asiyetoka Ndani

Birmingham,
Jumanne, 22 Januari 1974

Dada Mize,

Leo siku ya kumi na mbili dubu hajala, na mtu wa bunduki anakuja saa nne asubuhi. Nimeanza vibaya, nisamehe, hata sijakusalimu. Hujambo? Na mtoto? Barua ya shemeji imefika, nimefurahi umejifungua salama. Najua bado umo ndani, arobaini haijesha. Mie mzima.

Nilikwambia nafanya kazi kwenye bustani ya wanyama, huku njia ya Northfield. Mwenyewe mzungu, Mister Pratt. Nasafisha vizimba na Harbans, Singasinga aliyezaliwa Nakuru, Kiswahili chake cha hukohuko lakini tunaelewana. Yeye ndiye aliyenisomea ubao wa dubu. Kumbe wako namna nyingi. Wapo weusi wanaopanda miti kufuata asali, na weupe wa kwenye barafu. Huyu wetu wa kahawia. Porini hula matunda, mizizi, samaki, hata sisimizi, mpaka anenepe, halafu baridi ikija anaingia pangoni analala miezi bila kula. Harbans akasema ana akili kushinda sisi, sisi baridi ndiyo tunatoka kwenda kazi.

Mister Pratt hasikii hayo. Anasema dubu wake wengine wawili wanakula mwaka mzima, basi huyu mgonjwa. Alimnunua mwezi wa tisa kwenye sarakasi iliyofilisika. Sasa kajifungia chumba cha nyuma, kalundika majani makavu mlangoni, na Ijumaa nusura amng'oe Mister Pratt mkono.

Wanijua, kusema siwezi lakini kutazama naweza. Huyu hajalala kama mgonjwa. Kajikunja, mgongo kaupa mlango, tumbo kalificha. Jumapili nikatega sikio ukutani. Nikasikia mvumo mdogo, kama cherehani inashona chumba cha pili. Unakatika, unaanza tena. Nikamuuliza Harbans, akarudi kwenye ubao, akanisomea kuwa jike, kama huyu wetu, huzaa humohumo ndani wakati wa baridi, na mtoto akizaliwa ni kama panya, hana manyoya, haoni.

Nikakukumbuka wewe, ulipozaa wa kwanza, shemeji akaingia bila hodi ukamrushia kata ya maji ya moto. Dubu hana ugonjwa, Dada. Yumo arobaini. Wakimuua, na watoto ndiyo basi.

Sasa nikwambie jambo, mama asijue. Ijumaa Mister Pratt aliniuliza mbele ya daktari wa wanyama, wewe unayemwona kila siku, huyu anaumwa? Nikasema yes. Nilifahamu vizuri alichouliza. Lakini mkubwa akiniuliza mie husema yes tu, ili aniache nirudi kwenye fagio langu. Daktari akaandika. Kwa yes yangu ndiyo bunduki imeitwa. Jana nilipomwambia Harbans alisema, "Mbarouk, mdomo yako ndiyo gonjwa." Akaahidi leo atakuja kunisemea. Alfajiri mkewe kaniletea habari kuwa ana homa, hawezi kusimama.

Kwa hiyo nimefika mapema, nimeupiga kufuli mlango wa chumba cha nyuma, na ufunguo nimeutia ndani ya soksi. Nakuandikia stoo, nimekalia gunia la karoti.

Gari imeingia. Namsikia Mister Pratt anauliza ufunguo uko wapi. Sasa anataja jina langu.

Nisalimie mama na bibi. Bibi asimruhusu mtu kukuingilia kabla siku zako hazijatimia, hata shemeji. Mtoto mpake mafuta kwa ajili yangu.

Ananiita mara ya pili, lazima niende. Ufunguo ninao mie, na Harbans hayupo, hakuna mwingine wa kumwambia no.

Ndugu yako,
Mbarouk