Anayesukuma Anapanda

Jumatatu, 6 Juni 1994

Baridi kali. Umande umeganda kwenye kioo cha gari, nimeukwangua kwa jalada la daftari. Nimevuta choki, nimezungusha ufunguo mara nne. Kimya. Mligo seremala akatoka kwake bila kuitwa. Jirani yangu Mama Neema akatua gunia lake la viazi, akaja. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Wakasukuma mpaka mteremkoni, nikaachia klachi, likakohoa, likawaka. Wakapanda wote wawili, viazi nyuma. Ndiyo sheria ya mtaa wetu: anayesukuma anapanda. Sijui nani aliitunga.

Nikawashusha sokoni. Nikaenda posta, sanduku tupu. Nikarudi. Sikuwa na shida yoyote mjini. Sijawa nayo tangu ushirika ufungwe na sisi tupunguzwe kazi.

Alhamisi, 9 Juni

Barua ya Fideli kutoka Dar. Mwanangu anasema gari langu ni aibu, magari ya Dubai yamejaa Makambako, nichague moja, yeye atalipa. Kuja haji, kuagiza anajua.

Haya. Nitafanya kazi niliyoifanya miaka ishirini. Nilikuwa msimamizi wa magari ya ushirika. Gari likichoka nililiandikia ripoti, nikalihukumu. Sikuwahi kudanganya ripoti hata moja.

Nimeanza na langu. Jekundu, dogo, milango miwili na wa nyuma. Umri, miaka kumi na mitano. Sakafu imeliwa na kutu. Shokapu zimekufa. Kabureta inakunywa petroli kama mlevi wa siku ya mnada. Mazuri: ukilaza kiti cha nyuma linabeba magunia mawili. Marehemu mke wangu Yustina alijifunzia humu kuendesha. Hilo la mwisho nimelikata. Si la ripoti.

Jumamosi, 11 Juni

Makambako. Vumbi na malori. Salumu mfanyabiashara tunajuana tangu ana lori moja bovu, sasa ana uwanja mzima wa magari. Nimekagua matatu. La kwanza limepigwa rangi kuficha ajali, nimegonga bodi kwa kidole nikasikia plasta. La pili usukani umehamishwa kutoka kushoto, kazi ya lipualipua. La tatu jeupe, dogo kama langu, otomatiki, lina heta.

Salumu kanipa nikalijaribu wiki nzima, langu libaki kwake. Nisipolirudisha Jumamosi ijayo adhuhuri, jeupe ni langu, na jekundu analivunja auze spea. Tukapeana mkono.

Miguu yangu imepata joto njia nzima mpaka nyumbani Njombe. Nimekasirika kwamba nimefurahi.

Jumatatu, 13 Juni

Limewaka mara moja. Mligo na Mama Neema walikuwa wameshatoka, Mligo amekunja mikono ya koti tayari. Wakasimama. Mligo akanipa hongera. Mama Neema akachungulia zulia la ndani, jeupe kama la kanisani, akarudi nyuma kidogo na gunia lake. Nikangoja wapande. Hawakupanda. Nikaona hawataki. Nikaondoka.

Sasa ndipo naelewa. Hawakusukuma, basi wakajiona hawana haki ya kupanda. Na mimi mpumbavu sikufungua mdomo.

Jumatano, 15 Juni

Petroli: nusu ya lile. Breki: nzuri. Kelele: hakuna. Kasoro: hakuna.

Leo hakutoka mtu. Mama Neema nimempita njiani, gunia kichwani. Nilipunguza mwendo. Akanipungia mkono kwa heshima, kama anampungia mkuu wa wilaya. Nikapita. Tangu juzi nimeongea na karani wa posta tu, neno moja: hamna. Nyumba hii ina vyumba vinne. Upweke unaniuma, niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka.

Ijumaa, 17 Juni

Kesho adhuhuri ndio mwisho. Nalitaka langu. Lakini ripoti inasema jeupe limeshinda kila mahali, na mimi sidanganyi ripoti. Sina sababu ya kuandika.

Tangu saa saba mchana nimeacha taa za gari zinawaka. Makusudi. Nimekaa dirishani nikizitazama zikififia. Mtu mzima.

Jumamosi, 18 Juni

Betri imekufa. Nikatoka nikasimama barabarani nimeshika kiuno. Wakaja mbio, Mligo, Mama Neema, na wapita njia wawili. Wakasukuma mpaka mteremko wote ukaisha. Jasho na baridi ile. Halikuwaka.

Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Wao hawakujua. Mimi nilijua, ni kazi yangu. Nikakaa nyuma ya usukani kimya, nikiwasikia wakicheka na kuhesabu moja, mbili, tatu.

Mligo akauliza mbona halishiki. Nikawaambia yote, na taa pia. Nilidhani watanitukana. Mligo akajifuta jasho, akaifungua betri akaipeleka mashine ya kusaga ikachajiwe. Mama Neema akabaki. Akasema, "Baba Fideli, si ungetuita tu?"

Betri imerudi jioni.

Jumapili, 19 Juni

Makambako baada ya misa. Nimechelewa. Mtu wa Mlangali amechukua injini ya jekundu jana alasiri, milango imeshang'olewa. Salumu kasikitika kweli. Alisema, "Mzee wangu, tulisema adhuhuri." Tulisema. Hana kosa.

Nimelia garini, heta inanguruma. Sikumbuki kulia hivyo tangu mazishi ya Yustina.

Jumatatu, 20 Juni

Baridi. Sijaanza na gari. Nimetandika magunia matupu juu ya zulia lile, nikavuka njia nikapiga hodi kwa Mama Neema. Miaka sita ya ujirani, ni mara ya kwanza kupiga hodi pale.

Akatoka anafunga kitenge. Akauliza gari limekataa tena?

Nikamwambia, "Linawaka. Mimi ndiye sitaki kwenda peke yangu."

Akaniambia ningoje avae viatu. Nikangoja.