Kapo ya Baba Agatha

Baba Agatha,

Ukirudi kuwasindikiza wanakwaya, utakuta nimeshatangulia kanisani. Ming'oko imeiva, iko chunguni. Ukimaliza kula funika, kuku wetu hawana adabu. Maji ya ndoo nyekundu ni ya kunywa, usiyaoge.

Halafu lile la asubuhi. Hapa uani, mbele ya kwaya nzima, ulibana kapo, hicho kibanio chako cha nyuzi, juu kabisa kwenye shingo ya gitaa. Sauti ya gitaa ikapanda, nikaanzisha wimbo nikakwama. Yule binti Getrude akaupokea kama mtu aliyeambiwa mapema. Nawe ukasema, "Mama Agatha, pumzika."

Sauti yangu imekwaruzwa na nini? Nani alipulizia salfa mikorosho yako, wewe ukiwa kivulini na gitaa?

Ungeniambia tukiwa wawili, ningekuelewa.

~~Usije.~~ Njoo, na uvae shati la bluu. Nimelipiga pasi.

Kapo usiitafute, ninayo kwenye fundo la kanga. Na usithubutu kufunga penseli kwa mpira juu ya nyuzi badala yake, kama zamani. Bila kapo gitaa linashuka, na huko chini sauti yangu bado ipo. Wimbo naanzisha mimi.

Mkeo,
Mama Agatha