Kwa Nini Baba Yako Anaitwa Muyama

Yoeli,

Nani alikufundisha kucheka jina la baba yako? Unauliza kwa nini tulimpa mtoto jina la mlima, na huku unacheka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Sisi wazima. Shangazi yako amevuna maharage. Goti langu tusilitaje.

Mimi ni mzaliwa wa Kumsenga, nikaolewa huku Muyama. Hakuna aliyeniita kwa jina langu. Kisimani wanawake walisema, "Mpisheni wa Kumsenga achote, ana safari ya kurudi kwao." Nilipojifungua, babu yako akauliza mtoto aitwe nani. Nikamwambia, "Muyama."

"Si mlima huu tunaokaa?"

"Ndio huu huu."

Unajua kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe. Basi walewale wa kisimani ikabidi waniite Mama Muyama. Mama mkwe jina hilo lilimkwama kooni wiki nzima, kisha akazoea. Wake wengine walioletwa kutoka mbali nao wakawaita wana wao hivyo, mpaka darasa la baba yako likawa na Muyama wanne. Najiuliza hadi leo kama walikuwa na sababu kama yangu, au walilipenda tu. Sikuwahi kuwauliza.

Sasa nasikia mwanao atakayezaliwa umeshamchagulia jina peke yako. Mkeo naye umemleta ugenini. Weka barua hii chini, nenda kamuulize anataka aitwe mama nani.