Niliisahau Miguu ya Ilunga

Kwako Yaya Ngoie,

Nakusalimu, Yaya, dada yangu mkubwa, wewe na nyumba yote. Mmeamkaje huko Kabongo? Kifua cha Mama kinamwachia kidogo apate usingizi? Mimi hapa Kolwezi ningali ninapumua. Kabla hujaendelea, nakuomba: usimpe mtoto akusomee barua hii mbele ya Mama. Kaa pembeni, usome mwenyewe. Mume wako yuko hai. Nimeanza na neno hilo ili moyo usikukatike njiani. Yuko hai, lakini miguu hana tena. Yote miwili.

Nitakueleza kila kitu, na sitajificha, maana kosa moja ni langu.

Unaijua kazi ya Ilunga, kuendesha drezini, kile kigari kidogo cha injini cha watu wa reli. Tangu vita, kuna watu wanaofukia mabomu chini ya reli ya kwenda Dilolo. Askari wakaamua drezini itangulie mbele ya kila treni, ili bomu likiwapo lilipuke juu yake, treni ipone. Dereva wa kwanza alikufa hivyo. Zamu ikamwangukia Ilunga. Alinikataza kukuandikia. Alisema ukijua utapanda treni uje umshushe kwa nguvu.

Siku moja komanda wa askari akaja atelie, karakana yetu ya vyuma, akataka drezini ivishwe chuma. Shefu wangu akanionyesha mimi, kwamba katika kuchomelea vyuma hakuna wa kunipita. Nilifurahi, Yaya. Nilijiambia Mungu ameniweka hapa ili nimlinde shemeji yangu.

Lakini mimi najua chuma, mabomu siyajui. Nikaenda Musonoi kwa Tata Mutombo, fundi wa baruti, mzee aliyepasua mawe ya shimo la madini la pale miaka yote. Akachuchumaa, akachora kwa kidole katika vumbi.

"Risasi unaizuia na chuma nguvu," akasema. "Baruti haiko risasi, mwana. Baruti iko pumpu ya hewa, inatafuta njia. Ukiifungia njia, inapita na nyumba yote. Uipe fasi ya kutokea."

Akanichorea kigari chenye tumbo kama la mtumbwi, lililochongoka katikati, ili mlipuko ugawanyike uende kushoto na kulia. Akanikataza bulo, zile bolti za kukazia, na skurubu, maana bomu likipiga, kila bulo inageuka risasi ndani ya kigari. Nilikuwa nimefikiria kile chuma kigumu cha masine ya kusagia mawe. Akakikataa nacho: kigumu sana, ukikichomelea kinapasuka kama sahani. Akasema nitafute chuma kinachokubali kupinda, maana kikipinda kinakula nguvu ya bomu.

Sikumwamini kwa maneno tu. Nilichomelea masanduku mawili madogo, moja lenye chini bapa, moja lenye tumbo. Katika la bapa niliweka papai chini. Katika la pili nililifunga papai kwa kamba, likaning'inia. Tata Mutombo akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akayategea baruti kidogo pembeni ya shimo, saa ya kupasua mawe. Tulipoyarudia, sanduku la bapa lilikuwa limeingia ndani kama limepigwa ngumi kutoka chini, na papai limekuwa uji. Lile la tumbo lilirushwa mbali, limejikunja, lakini papai lake lilikuwa na ufa mmoja tu.

Nikayabeba yote mawili hadi kwa komanda. Akayatazama kama mtu anayetazama vitu vya kuchezea.

"Na tumbo hii kigari itakuwa murefu," akasema. "Bale batu ba mu pori bataiona ku mbali. Mi nataka kifupi, chini bapa, na chuma nene ku mbavu."

"Komanda, bomu haitokee ku mbavu. Inatokea chini."

"Weye uko sudeur ao uko ofisa?"

"Niko sudeur, komanda, muchomelea vyuma tu."

"Basi fanya kazi ya sudeur. Siku ine."

Siku hizo nne askari mmoja alisimama nyuma yangu, na chini nikapafanya bapa kama alivyotaka komanda. Niliiba nilichoweza kuiba. Niliweka sakafu mbili, na katikati yake nikajaza vipande vya ule mkanda mnene wa mpira unaobeba mawe kiwandani. Kiti nikakitoa sakafuni, nikakitundika kutoka juu kwa mikanda ya mpira huohuo. Ilunga alipokuja kukijaribu akabembea, akacheka.

"Shemeki, umenifanyia kitanda ya mutoto muchanga."

Na mimi nikacheka. Nikamtazama kichwa, nikamtazama mgongo, nikapima kifua chake na ukingo wa bamba. Miguu yake ilikuwa imekanyaga sakafu. Niliiona, Yaya. Niliiona kwa macho yangu na haikunijia akilini.

Juma la pili, kabla ya kufika Mutshatsha, bomu likawapata. Askari aliyekuwa naye, aliyekalia gunia la mchanga, alikufa palepale. Kiti cha Ilunga kilifanya kazi niliyokitengenezea: mgongo mzima, kichwa kizima, mikono mizima. Lakini sakafu ilipanda ikampiga nyayo kama nyundo. Mguu wa kuume daktari aliukata siku hiyohiyo. Wa kushoto wakaufunga, wakasema tungoje.

Nilipoingia kumwona sikujua nisimame wapi. Yeye ndiye aliyeniita.

"Shemeki, sogea. Mugongo haikuumia. Kiti iko muzuri. Ni miguu tu ilikuwa chini. Ile ingine utatengeneza, miguu nayo uitundike."

Mtu amelala katika damu yake, ananifundisha kazi. Kisha akanishika mkono, akaniapisha kwamba wa kushoto hautakatwa mpaka wewe ufike, au neno lako lifike. Alisema, "Ngoie aliolewa na mutu wa kusimama." Nikaapa.

Siku ya tatu homa ikampanda, akaanza kumwita marehemu baba yake. Mguu ulikuwa umekuwa mweusi mpaka karibu na goti. Daktari akanitoa nje.

"Ao muguu, ao mutu mwenyewe," akaniambia. "Na ni leo."

Nikahesabu siku za treni kutoka kwenu mpaka hapa. Nikajaribu foni ya misheni, ile redio ya kuitana, ikawa ni upepo tu unaovuma ndani. Nikatia sahihi. Mkono ni huu ninaokuandikia.

Alipoamka akapapasa chini ya shuka, hakupata kitu. Akanitazama. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Tangu siku ile hakusema nami tena, wala chakula hakipokei mkononi mwangu. Nampa muuguzi, naye anampa.

Mabaki ya drezini yaliletwa atelie. Komanda alikuja, akapitisha mkono wake katika tundu la sakafu. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Ile sanduku yako ya tumbo iko wapi?" Hivyo ndivyo nilivyopewa ruhusa, Yaya, baada ya miguu miwili na roho ya askari yule.

Drezini ya pili niliitengeneza kama Tata Mutombo alivyochora, na chini ya kiti nikatundika kibao cha kukanyagia, kisichogusa sakafu. Dereva wake ni Tata Kabeya, mtu wa Kasai, mwimbaji wa kwaya ya parokia, baba wa watoto wadogo. Siku ya kuondoka akaniuliza kama atapona. Nilimwambia tu, "Miguu usishushe, Tata. Hata ukichoka, usishushe."

Jumanne iliyopita akalipuliwa, si mbali na pale pa Ilunga. Drezini iliruka nje ya reli, ikalala ubavu. Tata Kabeya akatoka na damu masikioni. Alitoka akitembea.

Kesho yake akaja hospitali kumsalimu Ilunga, pamoja na mke wake, na kuku wa kunishukuru. Mama yule akapiga magoti mbele yangu pale wodini. Nilitamani ardhi inifunike. Ilunga hakuwa akimtazama mama yule. Alikuwa akitazama viatu vya Tata Kabeya, vile vilivyosimama kando ya kitanda chake.

"Ulitundika miguu?" akauliza. Ni neno la kwanza baada ya siku hizo zote.

Tata Kabeya akadhani ameulizwa yeye. "Aliitundika, ndugu," akajibu.

"Muzuri," Ilunga akasema. Akajivutia shuka mpaka juu ya kichwa. Sikumsikia akilia. Niliona tu shuka linavyotetemeka.

Sasa komanda ameagiza nyingine tatu. Ninazifanya, ningefanya nini? Lakini mshono wa chuma unakwenda upande, naukata na kuuanza upya.

Yaya, njoo. Barua hii anaileta ndugu wa reli anayeshuka hapo Kabongo, rudi naye. Watoto waache kwa shangazi yetu wa Kamungu. Ilunga hali chakula vizuri, anakonda, na usiku wala mchana hakuna anayemgusa ila wauguzi. Anahitaji mtu ambaye hakuvunja kiapo chake.

Mama mwambie wewe, kwa maneno utakayoyachagua, mimi sina. Nisalimie baba mdogo Kitenge, aliyewafungisha ndoa, na umwombe asinilaani kabla hajanisikia. Nisalimie katekista wetu aliyenifundisha kuandika. Watoto uwaambie baba yao anawataja usingizini.

Ukiamua kunichukia, Yaya, sitakuzuia. Njoo kwanza, unichukie ukiwa hapa.

Ni mimi mdogo wako, niliyetia sahihi,
Kasongo