Waya Kando ya Bomba la Esanse

Bangboka, Jumanne

Mikono bado inanuka esanse, yaani petroli. Jana tuliwasha mota ya ndege tunayoijenga na mjomba wangu, Tonton Asumani, na kesho anataka kuruka. Leo nimemulika nyuma ya kiti: waya wa betri, uliofungwa pamoja na bomba la esanse, umeshachubuka. Shaba iko wazi.

“Tonton, cheche moja tu, unaungua angani.”

“Bon, funga kitambaa. Inatosha.”

“Hapana. Nafungua yote.”

Alinuna, akatoka. Nimeupitisha waya mpya juu, mbali na bomba, nikaufunga peke yake.

Jioni alirudi, akauvuta kwa nguvu. Haukusogea.

“Alors, kesho unaruka na mimi.”

Nimekubali. Mama sijamwambia.