Dirisha la Kushoto

Jumamosi, saa tisa alasiri. Hapa Migori kuna joto la kunata, mawingu yamejazana upande wa ziwa na hayataki kunyesha. Leo nimefunga duka mara mbili, nikafika mpaka kwenye magari ya Homa Bay, nikarudi. Mteja aliyeniletea simu yenye kioo kilichopasuka ameniuliza kama niko sawa.

Siko sawa.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni kutengeneza simu, na kwenye blogu hii huwa nahukumu treni ndogo za mfano, hasa injini za dizeli. Najua Migori haina reli. Jirani yangu hapa dukani, anayenunua dhahabu ya migodi ya Macalder, hunicheka kila siku. Lakini baba yangu aliendesha dizeli miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Homa Bay, nami nililelewa kwenye nyumba za reli nikilala na honi masikioni. Sijawahi kuhitaji sababu nyingine.

Jumapili iliyopita nilimtembelea baba. Akaweka mezani injini aliyoitengeneza kwa mikono yake, kazi ya miaka miwili: bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, mota ya DVD mbovu, gia za printa. Akaniambia niihukumu kama ninavyohukumu za wengine, nisimwonee huruma eti kwa sababu ni baba.

Nami nikajifanya hakimu kweli kweli. Niliipima kwa mizani ya dhahabu niliyokuwa nimeazima kwa yule jirani, maana injini nyepesi huteleza tu na haivuti kitu. Uzito ulikuwa safi. Nikaiendesha polepole kabisa, kwa sababu hapo ndipo injini mbovu hujulikana: hurukaruka, ama hukwama ikilia. Yake ilitambaa kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Magurudumu hayakuyumba, na lehemu ilikuwa laini mpaka nikaipitishia kidole nikitafuta tone, nikakosa. Kisha nikafika kwenye umbo, na hapo nikanoa kisu. Boneti ilikuwa ndefu kuliko kwenye picha zote nilizo nazo. Na dirisha la kushoto, upande anaokaa msaidizi wa dereva, lilikuwa mara mbili ya lile la dereva.

Jumatano nikaandika hapa hapa: alama nne kwa kumi. Nikaweka na picha. Nikasema huyu fundi ni kama alisahau rula nyumbani, na nilicheka peke yangu nikiandika hayo. Baba akasoma Alhamisi, akanipigia, akasema nimesema kweli na atarekebisha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nikajisifu moyoni kwamba mimi na baba yangu tunaweza kuambiana ukweli. Kujisifu gani huko!

Leo asubuhi akaingia dukani mzee mmoja aliyevaa koti zito kwenye joto hili, viatu vyekundu kwa vumbi la bodaboda. Akasema anaitwa Chacha, ametoka Kehancha, na kwamba alikuwa msaidizi wa baba kwenye injini. Jina nililijua. Baba hulitaja mara chache, na akilitaja hubadilisha mazungumzo. Binti wa mzee huyo ndiye aliyemwonyesha picha yangu kwenye simu. Nikadhani amekuja kunipongeza.

"Msichana wa Ouma," akasema, "nani alikudanganya kwamba lile dirisha ni kubwa?"

Akaketi kwenye stuli ya wateja, akanieleza taratibu. Boneti ya zile dizeli ilikuwa mbele ya kibanda, na dereva alikaa kulia. Kona ikienda kushoto, dereva haoni kitu ila boneti. Baba alikuwa akiuliza kama njia iko wazi, Chacha anatoa kichwa dirishani, anatazama, anajibu "kweupe", na baba anaendelea kuvuta akiamini neno hilo moja. Miaka nenda, miaka rudi.

Siku moja Chacha alisinzia. Baba aliuliza, naye akajibu "kweupe" macho yakiwa yamefumba. Mbele kulikuwa na ng'ombe na mchungaji wao. Ng'ombe sita walikufa, mchungaji akavunjika mguu. Walipoitwa kujieleza, baba alisema msaidizi wake alimwonya, ni yeye aliyechelewa kufunga breki. Wakubwa wakamwondoa njia kuu, akabaki kupangapanga mabehewa stesheni mpaka akastaafu. Chacha ndiye aliyepanda akawa dereva. Aliniambia hakuwahi kwenda kumshukuru baba. Aibu ilimshinda, akawa kila akimwona baba anavuka barabara kumkwepa, na miaka yote hii ameamini kwamba mwenzake ana kinyongo naye.

"Ningekuwa yeye, hilo dirisha ningeliziba," akasema. "Yeye amelifanya kubwa."

Akajifuta macho kwa kola ya koti. Akaniomba kesho nimpeleke Homa Bay akalione kwa macho yake. Nikamkubalia. Sikumwambia kwamba baba amesema atalirekebisha. Mdomo wangu ulikuwa umeniponza vya kutosha.

Alipotoka nikapiga simu. Imezimwa. Bila shaka imezimwa, leo ni Sabato, na baba huzima simu yake Ijumaa jua likizama. Basi nikajituliza: Sabato baba hashiki hata bisibisi, kwa hiyo dirisha liko salama mpaka jioni. Hayo ndiyo niliyojiambia kila niliporudi kutoka kwenye magari. Wacha niseme ukweli hapa, maana huko kwingine nimeshindwa: niliogopa kumtazama usoni.

Saa moja kasorobo. Jua limezama. Nimempigia.

Alipokea akiwa mchangamfu. Kabla sijasema lolote akaniambia injini imekuwa sawa sasa, boneti ameipunguza, dirisha ameliziba nusu kwa bati, halionekani hata limeungwa wapi. Nikamwambia, lakini baba, leo si Sabato? Akacheka, akaniita binti yake kwa Kijaluo.

"Nilimaliza jana mchana, nyara. Sikutaka kuingia Sabato na kazi ambayo binti yangu amesema ni mbaya."

Na mimi nimelelewa kwenye nyumba ile ile! Ijumaa kwetu hakuna kitu kinachobaki: chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa mlangoni, hata kifungo kilicholegea kimeshonwa. Nimeshinda mchana mzima nikilinda kitu kilichokwisha kuzibwa jana.

Akaniuliza sasa nitaipa ngapi.

Nililia. Nikamwambia Mzee Chacha alikuja dukani, nikamweleza yote, pamoja na usingizi, barabara, kola ya koti.

"Aliona picha gani?" akauliza. "Ile ya kwanza?"

Nikasema ndiyo, ile ya kwanza.

"Basi aliliona," akasema.

Nikamwomba msamaha. Akaniambia niache, aliniomba hukumu nikampa. Alama hakuuliza tena. Nikasema kesho nitakuja mapema na msumeno wangu mdogo, nilifungue lile dirisha kabla mgeni hajaingia, asijue lolote. Akakataa.

"Mlete kwanza. Tutalikata pamoja. Yeye ndiye alikaa pale, anajua ukubwa wake."

Duka limefungwa sasa, na miguu yangu bado haitulii chini ya meza. Nimeifuta hukumu yangu ya Jumatano, ingawa najua kufuta hakurudishi bati. Kesho nitawapikia wazee wale chai, nitawashikia taa, na nitanyamaza, kama nitaweza.